Kuwafundisha watoto wadogo kwa safari za familia na maisha halisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi na walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 8 huyarudia wanapofikiria kumfundisha mtoto nje ya darasa. Kila jibu linasomeka peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kumfundisha mtoto kwa safari na maisha halisi maana yake ni nini hasa?

Ni kumkutanisha mtoto na jambo lenyewe, badala ya picha yake tu, na kumshirikisha katika kazi za kweli ambazo matokeo yake yanaonekana: kupima, kuhesabu, kufunga mizigo, kuuliza njia, kulipa, kusubiri zamu. Wazo hili si jipya. Mwaka 1896 John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambako watoto walipika, walishona na kufanya useremala, huku hesabu na sayansi zikitokana na kazi hizo hizo. Mwaka 1907 Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome, na baada ya muda kufagia, kumimina maji na kufunga vifungo vikawa sehemu ya masomo, kwa vyombo vinavyolingana na mikono ya watoto.

Dewey huyo huyo alisisitiza jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: si kila uzoefu unaelimisha. Mtoto anaweza kuzungushwa nchi nne kama begi, asiambulie chochote zaidi ya uchovu. Tofauti huletwa na mambo mawili, yaani kazi aliyopewa mtoto, na mazungumzo yaliyofanyika kabla ya safari, wakati wa safari na baada yake. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu namna ya kuyatekeleza hayo mawili.

2. Je, ni lazima tusafiri mbali?

Hapana. Umbali humvutia zaidi mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kituo cha treni ambacho hajawahi kuingia ni ugeni wa kutosha kwa asubuhi nzima: watu wanapanga foleni, mizigo inapimwa, sauti inatoka kwenye kipaza sauti bila msemaji kuonekana.

Tena, mahali panaporudiwa hufundisha kitu ambacho mahali papya hapawezi kufundisha, nacho ni mabadiliko. Mtoto aliyeuona mto ukiwa umejaa, kisha akauona umekauka hadi mawe ya chini yakajitokeza, ana jambo la kulinganisha na swali la kuuliza. Kwa hiyo, ikibidi kuchagua kati ya safari moja kubwa kwa mwaka na matembezi mafupi kila wiki, ningechagua matembezi bila kusita. Safari kubwa huwa na manufaa zaidi kwa mtoto ambaye tayari amezoea kutazama na kuuliza.

3. Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Anaweza kuanza hata akiwa mchanga. Kinachobadilika kadiri anavyokua ni kazi unayompa. Chini ya miaka miwili hujifunza kwa kugusa, kunusa, kuonja na kusikia majina ya vitu yakitajwa vikiwa mbele yake, na huyu anahitaji mtu wa kumtajia kuliko anavyohitaji mahali pa kupelekwa. Kati ya miaka 3 na 4 anaweza kutafuta, kulinganisha, kubeba kitu chake na kusubiri kwa muda mfupi. Akiwa na miaka 5 au 6 anaweza kufuata mpango wa siku, kuchora alichokiona na kumuuliza mtu asiyemfahamu swali ambalo mmelifanyia mazoezi. Kuanzia miaka 7 wengi wanaweza kupewa jukumu linalowagusa wote, kwa mfano kusoma ubao wa ratiba kituoni na kuwaambia wenzao treni inaondoka saa ngapi.

Usimharakishe. Mwanasaikolojia Jean Piaget alionyesha kwamba watoto wengi walio chini ya miaka 7 hivi huamini kuwa maji yameongezeka yanapomiminwa kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba na kirefu, hata kama wameshuhudia kwamba hakuna tone lililoongezwa. Maelezo peke yake husaidia kidogo sana hapo. Mtoto anahitaji kumimina, kurudisha na kumimina tena, na ndiyo sababu ndoo na vikombe ufukweni vina thamani kuliko hotuba ya mzazi.

4. Mtoto wa miaka miwili hatakumbuka chochote. Kuna faida gani ya kumchukua?

Ni kweli kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu za matukio ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Hata hivyo, kulikumbuka tukio ni jambo moja, na kile kilichojengwa na tukio hilo ni jambo jingine: maneno mapya, miguu iliyozoea kutembea juu ya mchanga, utulivu wa kulala mahali pageni akiwa karibu na watu wake. Hakuna anayekumbuka siku alipojifunza kutembea.

Zaidi ya hayo, utafiti kuhusu kumbukumbu za watoto umeonyesha mara nyingi kwamba watoto ambao wazazi wao huzungumza nao kwa kina kuhusu mambo yaliyopita hukumbuka na kusimulia matukio kwa ukamilifu zaidi kuliko wenzao. Namna ya kufanya mazungumzo hayo imeelezwa katika swali la 20.

5. Je, njia hii inaweza kuchukua nafasi ya shule?

Kwa sehemu kubwa inaikamilisha shule, haiichukulii nafasi. Kujua kuunganisha herufi na sauti, kwa mfano, kunahitaji mafunzo yenye mpangilio na mazoezi ya mara kwa mara, na hakuna safari itakayokamilisha kazi hiyo kwa bahati. Kinyume chake, msamiati, udadisi na ujuzi wa mambo ya ulimwengu ambavyo mtoto huvipata nje humsaidia kuelewa anachokisoma baadaye.

Kuhusu sheria, nchi hutofautiana sana. Ujerumani huwataka watoto wa umri wa shule wahudhurie shuleni na huruhusu msamaha katika hali chache mno, ilhali Uingereza na majimbo yote ya Marekani huruhusu elimu ya nyumbani kwa masharti mbalimbali. Familia inayotaka kusafiri katikati ya muhula ipate kwanza ruhusa ya shule kwa maandishi.

## Maandalizi

6. Nitachaguaje mahali panapomfaa mtoto mdogo?

Jiulize mtoto atafanya nini pale, si ataona nini. Mahali penye watu wanaofanya kazi, kama bandari ya uvuvi, karakana, shamba au soko, mara nyingi huwafaa watoto kuliko mahali penye mandhari ya kuvutia, kwa sababu kazi ina mwanzo, hatua na mwisho, na mtoto anaweza kuifuata. Angalia pia kama kuna kivuli, choo, maji safi na nafasi ya kukimbia. Mnara maarufu wenye foleni ya saa mbili hauna budi kungoja hadi mtoto akue, hata kama jamaa wote watashangaa kwamba mlifika mji ule na hamkuupanda.

7. Nimwandaeje mtoto kabla ya kuondoka?

Mweleze mfuatano wa mambo kwa maneno machache: tutalala, tutaamka gizani, tutapanda basi, tutakula ndani ya basi, halafu tutafika kwa shangazi. Kwa mtoto wa miaka minne, “wiki ijayo” ni maneno matupu; funga mafundo saba kwenye uzi na umwache afungue fundo moja kila asubuhi, naye atauona muda ukipungua.

Mpe nafasi ya kufunga begi lake mwenyewe, hata kama utalipitia usiku akiwa amelala. Mwambie kutakuwa na baridi au joto, kisha muulize avae nini. Akichagua vibaya, mfikirishe kabla ya kumsahihisha: mvua ikinyesha tukiwa njiani, tutafanyaje? Kupanga mzigo ni somo la kutabiri, na pengine ndilo somo bora zaidi la safari nzima kwa sababu hufanyika nyumbani pasipo haraka.

8. Ratiba ya siku iwe na mambo mangapi?

Jambo kuu moja, asubuhi, mtoto akiwa bado na nguvu. Mengine yakitokea ni nyongeza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza watoto wa miaka 3 na 4 walale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wawe na angalau dakika 180 za kujongea na kucheza. Ukitoa saa hizo, za kula na za kuoga, utaona kilichobaki ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Mkivuka majira ya saa, jihesabieni takribani siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na siku za mwanzo zisiwe na jambo lolote la lazima. Mwanga wa jua wa asubuhi au wa jioni, kulingana na upande mlioelekea, husaidia mwili kujirekebisha.

9. Nibebe vifaa gani vya kujifunzia?

Vichache: daftari lisilo na mistari, penseli, kamba ya kupimia, lenzi ndogo ya mkono na mfuko mmoja wa kuwekea alivyookota. Kabla ya kuokota chochote, hakikisha mahali hapo panaruhusu, kwa kuwa hifadhi nyingi hukataza kuondoa mawe, mimea na makombe. Karatasi za mazoezi zenye nafasi za kujaza ziacheni nyumbani, kwa sababu humfanya mtoto ainamie karatasi wakati kilichomleta kiko mbele yake.

## Njiani

10. Tuna saa nyingi za kukaa garini. Ni kosa kumpa simu?

Si kosa mwishoni mwa siku ndefu, wakati kila mtu amechoka. Mwongozo uliotajwa katika swali la 8 unashauri mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Tatizo ni kuitoa simu tangu mnapoondoka, maana saa ya kwanza ndiyo macho yanapokuwa na njaa ya kuona.

Michezo ya njiani inatosha kuwa rahisi: kuhesabu madaraja, kutafuta kwenye mabango herufi inayoanza jina lake, kubashiri kitakachoonekana baada ya kona, kusimulia hadithi ambayo kila mmoja anaongeza sentensi moja. Simameni kila baada ya saa mbili hivi ili miguu inyooke. Na muachieni nafasi ya kuchoshwa. Mtoto anayetazama dirishani kimya si lazima awe hana la kufanya.

11. Vipi kuhusu kutapika garini na masikio kuuma kwenye ndege?

Kichefuchefu cha safari ni nadra kwa watoto wa chini ya miaka miwili na huwapata zaidi walio kati ya miaka 2 na 12. Hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ilhali macho, yakiwa yameelekezwa kwenye kitabu au skrini, yanaona kitu kilichotulia. Mwambie atazame mbali mbele, fungua dirisha, mpe chakula chepesi, na kazi za kusoma au kuchora ziahirishwe. Dawa itolewe kwa ushauri wa daktari au mfamasia tu.

Masikio huuma hasa ndege inaposhuka, kwa sababu shinikizo la hewa nje ya ngoma ya sikio hubadilika haraka kuliko la ndani. Kumeza husaidia kulisawazisha: nyonyesha au mpe kinywaji, na kama amelala mwamshe kabla ndege haijaanza kushuka. Mtoto mwenye mafua makali aonwe na daktari kabla ya kupanda ndege.

## Masomo yaliyomo ndani ya safari

12. Nitafundishaje hesabu bila kuigeuza safari kuwa darasa?

Mpe hesabu ambayo isipofanyika kuna mtu atakosa kitu. Watoto wengi huweza kutaja namba kwa mfuatano muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Uelewa huo kwa kawaida hujengeka kati ya miaka 3 na 5, nao hujengwa na kugawa na kulinganisha.

Mtazame mtoto wa miaka minne aliyepewa tiketi za familia kwenye lango la kivuko. Anaanza na bibi, anamfuata baba, kisha kaka, kisha mama aliyembeba mtoto mchanga. Mkononi inabaki tiketi moja. Anageuka kumtafuta aliyekosa, anawapitia wote upya akiwagusa magoti mmoja mmoja, halafu anasimama, anajigusa kifua na kucheka. Mtu mzima ambaye angemwambia mapema “hiyo ni yako” angeokoa nusu dakika na kulipoteza somo lote.

Kazi nyingine za aina hiyo hazikosekani: kupima uzito wa begi kwenye mizani na kuamua kipi kitolewe, kukadiria hatua kutoka mlangoni hadi kisimani kisha kuzihesabu, kugawa matunda sita kwa watu wanne, kulipa kwa sarafu na kusubiri chenji. Katika malipo, mkubaliane mapema na mtoto atasema nini, na uchague muda ambao nyuma yenu hakuna foleni.

13. Na kusoma na kuandika?

Mabango, tiketi, namba za vyumba, majina ya vituo na orodha za vyakula ni maandishi yanayomletea msomaji faida papo hapo, na hilo humshawishi mtoto kuliko kitabu cha mazoezi. Asiyejua kusoma atafute umbo la herufi anayoifahamu au alama ya choo. Anayeanza kusoma apewe kazi ya kuhakikisha kwamba jina la kituo linafanana na lililo kwenye tiketi. Kwa kuandika, barua fupi kwa mtu aliyebaki nyumbani ina maana zaidi kuliko shajara, kwa sababu kuna atakayeijibu.

14. Sayansi inaingiaje kwa mtoto ambaye hajafika hata darasa la kwanza?

Inaingia kwa hatua tatu: kubashiri, kutazama, kulinganisha. Majibu sahihi si ya lazima mwanzoni. Ufukweni, chomekeni kijiti mchangani pale maji yalipofika na umuulize kama yatapanda au yatashuka wakati mnakula. Rudini mtazame. Mkikaa siku kadhaa katika pwani yenye maji kujaa mara mbili kwa siku, ambazo ndizo nyingi, andikeni saa ambayo maji yamejaa: mtagundua kwamba kila siku yanachelewa kwa takribani dakika 50, na mtoto wa miaka saba aliyeligundua hilo mwenyewe yuko tayari kusikia kwamba mwezi unahusika.

Radi nayo hufundisha mbali na woga. Baada ya mmweko, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde ilhali mwanga hufika papo hapo kwa kipimo cha macho yetu. Kazi hiyo ifanyike mkiwa ndani ya nyumba au gari lililofungwa, maana ngurumo ikisikika tu, radi iko karibu kiasi cha kudhuru. Milimani, wakubwa kidogo watavutiwa kujua kwamba maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yakipungua karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 za kupanda, na ndiyo maana kilichozoeleka kuiva haraka nyumbani kinachelewa huko juu.

Hakuna haja ya kuyafanya yote. Mtoto aliyechuchumaa akimfuatilia sisimizi anayeburuta bawa la nondo hadi kwenye shimo lisilotosha bawa hilo ana somo lake kamili. Kazi yako ni kutokusogeza bawa.

15. Mtoto mdogo anaweza kuelewa ramani?

Mapema kuliko wengi wanavyofikiri, lakini si kwa ramani ya nchi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Judy DeLoache alichapisha majaribio ambamo watoto walionyeshwa mahali kidoli kilipofichwa ndani ya mfano mdogo wa chumba, kisha wakatakiwa kutafuta kidoli kikubwa kilichofichwa mahali hapo hapo katika chumba chenyewe. Wengi wa karibu miaka 3 walikipata. Wengi wa miaka 2 na nusu walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri kidoli kidogo kilipo.

Kwa hiyo anza na mchoro wa chumba mnacholala: kitanda, mlango, dirisha. Halafu mchoro wa njia ya kutoka hapo hadi mahali mnapokula, wenye alama tatu anazozijua. Siku ya pili atangulie yeye, na akikosea kona mfuateni hatua kadhaa kabla ya kuuliza kama anauona ule mti mkubwa aliouchora.

16. Makumbusho hayawachoshi watoto?

Huwachosha yakitembelewa kama mtu mzima anavyotembelea, yaani chumba baada ya chumba, maelezo baada ya maelezo. Chagueni vitu vitatu tu. Kama kuna duka la kadi za picha mlangoni, anzeni huko: mtoto achague kadi moja, kisha aingie kukitafuta kitu chenyewe. Akikipata hushangaa ukubwa wake, kwani kwenye kadi kila kitu kina ukubwa mmoja.

Piga magoti uone anachokiona yeye. Vitu vingi vimepangwa kwa kimo cha mtu mzima. Badala ya kumsomea maandishi ya ukutani, muulize maswali yanayojibika kwa kutazama: kimetengenezwa kwa kitu gani, kimechakaa upande gani, aliyekishika alikishika wapi, kinamilikiwa na mtu mkubwa au mtoto? Upande uliochakaa hasa hufungua mengi, kwa kuwa mtoto hufahamu kutoka kwenye viatu vyake mwenyewe kwamba kitu huisha pale kinapotumika. Kisha achore kimoja, na mtoke angali anataka kubaki. Historia ya miaka na karne itangoja. Mtoto wa miaka mitano anaelewa “kabla bibi hajazaliwa” na si zaidi sana ya hapo.

17. Atajifunza lugha ya tunakokwenda?

Katika wiki mbili hataijua lugha, tofauti na imani iliyoenea kwamba watoto huinyaka bila jitihada. Anachoweza kupata ni salamu, shukrani, kuomba, namba hadi kumi, na ufahamu kwamba watu wengine huita vitu kwa majina mengine na bado wanaelewana. Kucheza na watoto wenzake mchana mmoja huleta maneno mengi na yanayodumu kuliko kukaririshwa na mzazi.

## Mazungumzo

18. Anauliza “kwa nini” mfululizo, na mara nyingi sijui jibu. Nifanyeje?

Jibu fupi linatosha, kisha subiri uone kama ataendelea. Kumrudishia swali, “wewe unafikiri kwa nini?”, ni njia nzuri, lakini ikitumika kila mara mtoto hutambua kwamba anakwepwa. Usipojua, sema hujui na mtafute anayejua. Baharia, fundi au mlinzi wa hifadhi akiulizwa na mtoto kwa adabu hujibu kwa furaha, na mtoto huona kwamba maarifa yako kwa watu wa kazi pia. Maswali yaliyokosa jibu yaandikeni kwenye daftari. Mkirudi nyumbani mna sababu ya kufungua vitabu au intaneti.

19. Tumefika mahali tulipopaota miaka yote, naye anacheza na kokoto. Tumekula hasara?

Mtazame kwa karibu kabla ya kumwita. Huenda amezipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, akatenga zenye milia. Huko ni kuainisha na kupanga kwa mfuatano, na hapo hakuna aliyemwagiza. Mpe dakika kumi, kisha mwoneshe jambo moja la mahali hapo linalohusiana na kokoto zake, kwa mfano kwamba ukuta mnaoutazama umejengwa kwa mawe ya milia hiyo hiyo. Mandhari ya mbali ni starehe ya watu wazima, nanyi pia mna haki ya kuifurahia kwa zamu.

20. Tukisharudi nyumbani, tufanye nini ili yaliyojifunzwa yasipotee?

Zungumzeni juu yake, mara nyingi na kidogo kidogo. “Ulifurahi?” hujibiwa ndiyo, na mazungumzo yakaishia hapo. “Yule mtu wa kivuko aliifanyaje ile kamba nene?” humlazimu mtoto akumbuke, aonyeshe kwa mikono na atafute neno. Akisema “aliizungusha”, ongeza: ndiyo, aliizungusha kwenye chuma mara ngapi, na mashua ikafanyaje? Akikumbuka tofauti na ulivyoona wewe, usikimbilie kumsahihisha. Sema ulichokiona nawe, mlinganishe.

Kitabu cha safari kinafaa pia: picha chache zilizochapishwa, mtoto aseme, wewe uandike maneno yake bila kuyanyoosha. Halafu acheni mchezo ufanye kazi yake. Viti vikipangwa mstari mmoja sebuleni na mdoli akadaiwa tiketi, mtoto anairudia safari kwa namna inayomfaa.

## Hali zisizo za kawaida

21. Watoto wangu wana miaka 3 na 8. Nitawafundishaje pamoja?

Jambo moja, kazi mbili. Sokoni, mdogo atafute matunda ya rangi nyekundu na mkubwa ajumlishe gharama. Mkubwa asifanywe mwalimu wa mdogo siku nzima. Apate saa yake na mzazi mmoja, peke yake, kufanya jambo ambalo mdogo angelivuruga.

22. Mtoto wangu ana usonji na hustushwa na kelele na umati. Njia hii inamfaa?

Inaweza kumfaa, kwa kuwa inaruhusu kuchagua mahali, saa na kasi. Tumieni picha za mahali penyewe kumwonyesha mfuatano kabla ya kwenda, nendeni saa ambazo hapana watu wengi, bebeni vifaa vya kuziba masikio na kitu alichokizoea, na mkubaliane ishara ya kuomba kuondoka ambayo itaheshimiwa bila maswali. Ziara fupi kadhaa za mahali pamoja humjengea imani kuliko ziara moja ndefu. Hoja ya kurudia iliyo katika swali la 2 ina uzito zaidi hapa.

23. Akiona umaskini, ugonjwa au kifo njiani, nimweleze nini?

Ukweli, kwa maneno machache yanayolingana na alichokiuliza. Usimnyamazishe mbele ya mtu aliyemwona. Mwambie mtazungumza punde, na mtimize ahadi hiyo siku hiyo hiyo. Watu wasiwe maonyesho. Kumpeleka mtoto akatazame maisha magumu ya wengine ili “ashukuru alichonacho” humfundisha kujilinganisha, na kumwacha anayetazamwa bila heshima.

24. Hatuna uwezo wa kusafiri kabisa. Tumekosa?

Hapana. Kurekebisha baiskeli, kupanda mbegu na kuipima kila Jumapili, kumtembelea jamaa mgonjwa, kupika kwa kufuata vipimo, kwenda posta au benki pamoja: yote hayo yana kazi ya kweli na mazungumzo, ambavyo ndivyo vilivyotajwa katika swali la 1.

25. Nasafiri na mtoto bila mzazi mwenzangu. Nihitaji nyaraka gani?

Kwa safari za nje ya nchi, tarajia kuulizwa. Mbali na hati ya kusafiria ya mtoto, beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, ikiwezekana iliyothibitishwa na wakili, au hati ya mahakama ya malezi, au cheti cha kifo. Masharti hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa nchi mnayokwenda pamoja na shirika la usafiri kabla ya kulipia.

26. Vipi kuhusu chanjo?

Mwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo haifai kungoja wiki ya mwisho. Mtoto mchanga anayekwenda mahali penye surua anaweza kuhitaji dozi ya mapema. Kama mnaelekea eneo lenye malaria, daktari ndiye atakayepanga kinga kulingana na umri na uzito. Chandarua kilichotiwa dawa hakina mbadala wakati wa kulala.

27. Nimfundishe nini iwapo atapotea?

Mambo matatu, nayo myafanyie mazoezi kwa mchezo kabla ya safari. Kwanza, asimame pale pale alipogundua kwamba hawaoni, apaze sauti kwa kuwaita kwa majina yenu kamili, kwa kuwa “mama” wako wengi. Pili, akihitaji msaada amwendee mfanyakazi mwenye sare au mama aliye na watoto, wala asitoke mahali hapo na mtu yeyote. Tatu, ajue jina lake lote, na namba ya simu yenu iandikwe kwenye utepe wa mkononi au ndani ya nguo, pasipoonekana na kila mpita njia. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mpige picha alivyovaa siku hiyo. Mzazi aliyeshikwa na hofu hushindwa hata kukumbuka rangi ya shati.